Funga Baridi Isitoke

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajatua mkoba begani, Bi Hasi aliusoma ukuta wa ukumbi mara tatu. Mara ya kwanza alidhani macho yamechoka. Mara ya pili alivaa miwani. Mara ya tatu aliivua, kwa sababu sasa alitamani aone vibaya, na ikashindikana. Herufi za plastiki za buluu, kila moja kubwa kama kiganja, zilikuwa zimebandikwa juu ya picha ya chupa inayofuka ukungu mweupe: CHUPA HII HUFUNGA BARIDI ISITOKE.

"Nani," aliuuliza ukumbi mtupu, "nani kaandika huu upuuzi?"

Ukumbi ulinyamaza, na ulifanya la maana.

Bi Hasi si jina alilopewa na wazazi wake. Ni fundi sanifu wa maabara katika jumba la sayansi, mwaka wa ishirini na mbili kazini, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuwaonyesha watoto wa shule baridi kali. Si hii ya kuvaa sweta. Ni baridi ambayo ndizi inagandia ndani yake mpaka inapigilia msumari, ua linavunjika kama glasi, na puto lililojaa linanywea kama mtu aliyeambiwa posa yake imekataliwa. Kila onyesho hulianza kwa maneno yaleyale: "Hasi mia moja tisini na sita!" Ndiyo nyuzijoto za nitrojeni, sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta kila siku, ikishapoozwa mpaka ikawa maji. Watoto wakambatiza. Wenzake kazini wakalipokea jina kwa mikono miwili, maana ni hoja gani huyu mama aliwahi kuikubali kikaoni tangu mwanzo? Na wanaume wa matengenezo nao wana yao: wanasema neno hilo lina maana nyingine kabisa kwa ng'ombe dume, na kwamba ukimpelekea bomba bovu utatoka umeielewa maana hiyo vizuri.

Sikio lake la kushoto halisikii. Ukitaka kumjua Bi Hasi, anzia hapo.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wake wa kwanza kazini, na alikuwa na ugonjwa wa kutii. Siku moja mkuu wake wa wakati ule, akiwa mlangoni na koti mkononi, alimwambia hivi: "Binti, hiyo chupa ya nitrojeni ifunge vizuri baridi isitoke." Basi. Sentensi moja, na mtu huyo akaenda zake kula. Binti akaifunga. Akaifunga kama mtu anayetaka kuthibitishwa kazini: kizibo cha mpira, juu yake waya, waya akaukaza kwa koleo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kitu hicho kinachemka muda wote hata ukikiacha peke yake mezani, kwamba joto la chumba linakiingia taratibu, na kwamba kikombe chake kimoja kikigeuka hewa kinataka nafasi ya vikombe mia saba. Ukikinyima mlango, kinajitengenezea.

Kizibo kilipita karibu na shavu lake. Chupa ilisambaa chumba kizima. Alipozinduka, sikio la kulia lilisikia kelele za watu, na la kushoto halijasikia kitu mpaka leo.

Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja. Mstari uliobaki kichwani mwake ulisema: "Mfanyakazi alifunga chombo kwa uzembe." Kwa uzembe! Mtu aliyekaza waya kwa koleo! Aliyetamka ile sentensi hakutajwa popote. Na ili afundishwe adabu, wakamtoa kwenye utafiti na, baada ya muda wa kuosha glasi, wakamtupa kitengo cha elimu kwa umma, ambacho siku hizo kilikuwa meza mbili na puto moja. Ndiyo adhabu aliyoigeuza kuwa maisha. Kwa miaka kumi na tisa amesimama mbele ya watoto akipigana vita na sentensi moja.

Na sasa sentensi ilikuwa imepanda ukutani, kwa rangi ya buluu.

Mwandishi wake alifika saa tatu, ananukia vizuri. Alikuwa kijana aliyetoka redioni, akaajiriwa mwezi uliopita kuichangamsha Wiki ya Sayansi, na wote walimwita Mtangazaji kwa vile hata akiomba chumvi alikuwa anaitangaza.

"Mama mkubwa! Umeuona ukuta? Umependeza, eeh?"

"Nimeuona. Ubandue."

Mtangazaji alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona uso, akajua si utani.

"Kuna kosa la herufi?"

"Herufi hazina kosa. Kosa ni maneno yote. Mwanangu, baridi haitoki. Baridi haiingii. Haina miguu. Kinachotembea ni joto. Chupa hii inazuia joto la nje lisiingie ndani, na haifungwi, inafunikwa tu, kifuniko kinakaa kilegevu ili hewa ipumue. Wewe umeandika funga. Umeandika isitoke. Mtu akikutii umemuua."

"Lakini mama, watu ndivyo wanavyosema. Nyumbani tunasema baridi inaingia, baridi imenipiga. Mimi nimetumia lugha rahisi. Sayansi kwa wananchi."

"Wananchi ndio wana masikio," alisema Bi Hasi, akamwachia hapo.

Alipanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa godoro: unapiga ngumi, unazama, ukitoa mkono limerudi lilivyokuwa. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa huruma pale penye sikio. Kisha akasema, "Nimekuelewa kabisa, mama. Tatizo ni kwamba imeshabandikwa. Na kijitabu kina sentensi hiyohiyo. Nakala elfu nne zimeshachapwa. Ijumaa alasiri gari linazipeleka mashuleni na kwenye vituo vya mifugo."

"Vituo vya mifugo?" Bi Hasi alishika ukingo wa meza. Mabwana mifugo hubeba nitrojeni kwenye mitungi, kila siku, kutunza mbegu za madume ya ng'ombe. "Mkurugenzi, unawapelekea watu wenye nitrojeni mkononi karatasi inayowaambia waifunge?"

"Hiyo ni nahau tu, mama. Hakuna atakayeichukua neno kwa neno."

"Na sikio langu nalo ni nahau?"

Mkurugenzi aliangalia kalenda. Akasema mwakani wataunda kamati ya lugha. Akasema pia, kwa sauti ileile ya godoro, kwamba Alhamisi onyesho litaongozwa na Mtangazaji, kwa sababu ana mvuto kwa vijana. "Wewe utakuwa nyuma ya pazia. Yeye akisema, wewe unamimina. Bila wewe hakuna onyesho, unajua."

"Najua," alisema Bi Hasi. "Ndiyo maana mnaniweka nyuma ya pazia."

Watu wengi hasira zao ni za sufuria: zinachemka, zinamwagika, zinazima jiko. Za Bi Hasi zilikuwa za nitrojeni. Zilichemka huku zimepoa, na usingejua mpaka umeshazishika.

Jioni alifika nyumbani na kuacha mlango wazi ili atoe viatu. Mama yake, mwenye miaka sabini na minane na mablanketi mawili, alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake: "We mtoto, funga mlango, baridi inaingia!"

"Mama, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Baridi haiingii, mama. Joto ndilo linatoka."

"Haya, funga mlango joto lisitoke. Na wewe kama hutaki kufunga toka nalo, mwende pamoja."

Akafunga. Mama yake alimtazama anavyopanga viatu kwa ukali, kana kwamba vilimkosea, akauliza kuna nini kazini. Bi Hasi akamweleza: ukuta, vijitabu, gari la Ijumaa. Bibi kizee akamwelekezea kidole.

"Mimi nikisema baridi inaingia, mlango ukafungwa, nani ameumia?"

"Hakuna."

"Na wale?"

"Wale watu watalipukiwa."

"Basi usigombane na mimi. Kagombane na wale," alisema mama yake, akapandisha blanketi la pili.

Jumatano saa sita mchana bwana mifugo mmoja alikuja na pikipiki kujaza mtungi wake, kama anavyokuja kila mwezi. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye koti la mvua hata siku za jua. Bi Hasi alimjazia, akaweka kifuniko chepesi juu ya shingo ya mtungi, kilegevu kama kawaida, akaingia ndani kufuata daftari la kusaini. Hakukawia dakika tano. Aliporudi hakumkuta mtu kwenye dirisha la maabara. Alimkuta uani, kwenye pikipiki, anashangilia kazi ya mikono yake: kifuniko cha mtungi kilikuwa kimekandamizwa na kuvirigishwa mpira wa tairi, mizunguko saba au minane, fundo juu ya fundo. Mtungi ulikuwa kimya.

Mtungi wa nitrojeni hutakiwi kuukuta kimya.

"Rudi nyuma!" Bi Hasi alipiga ukelele ambao wanaume wa matengenezo waliusikia kwenye paa. "Toka hapo! Nimesema toka!"

Bwana mifugo aliruka kando na helmeti yake. Bi Hasi alivuta miwani mikubwa ya kinga usoni, akainama pembeni ya mtungi, uso mbali na mdomo wake, akakata mpira kwa mkasi mzunguko mmoja mmoja. Kwenye mzunguko wa mwisho kifuniko kiliruka kikagonga ukuta, na ukungu mweupe ukafyatuka kwa mluzi mrefu. Alisubiri mpaka mluzi ukawa pumzi. Ndipo akageuka.

"Miaka mingapi unabeba mtungi huu?"

"Sita, dada."

"Na miaka sita umeufunga mpira?"

"Hapana. Siku zote naubeba hivihivi."

"Leo umeingiwa na nini?"

Bwana mifugo alielekeza kidole kwenye mlango wa ukumbi, uliokuwa wazi. "Nimesoma pale. Nikajisemea, kumbe ndiyo maana nitrojeni yangu inaisha haraka, baridi yote inatoka njiani. Nikaona nyinyi ndio wataalamu."

Bi Hasi aliurudisha mkasi mfukoni. Aliutazama ule mpira mweusi uliokatikatika chini. Kisha akautazama mgongo wa pikipiki, mahali ambapo mtungi ungekaa, umekazwa vile, nyuma ya uti wa mgongo wa mtu mwenye watoto, kwa saa mbili za barabara ya makorongo.

"Kesho saa nne asubuhi uko wapi?"

"Popote utakaponiambia, dada."

"Kaa karibu na mlango. Na uje na ulimi wako."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wanafunzi tisini, walimu, safu ya wageni wenye viti vya kitambaa. Madirisha yote yalikuwa wazi, hilo Bi Hasi alilisimamia mwenyewe, kwa kuwa nitrojeni ikijaa chumbani inaifukuza hewa ya kupumua bila kupiga hodi. Kila aliyeingia alipewa kijitabu. Bwana mifugo alikaa karibu na mlango, helmeti magotini, amechana nywele.

Mtangazaji alikuwa mzuri jukwaani, tusimnyime haki yake. Alisimulia jinsi watu wa zamani walivyokata mabonge ya barafu kwenye maziwa ya nchi za baridi, wakayafunika vumbi la mbao, wakayavusha bahari miezi minne hadi nchi za joto, yakafika bado mabonge. Alisimulia kwamba chupa ya chai iliyoko kila nyumba ilizaliwa maabara, kwa ajili ya kutunzia hewa iliyogeuzwa maji, na chai ikaja kuidandia baadaye. Yote hayo yalikuwa maneno ya Bi Hasi, neno kwa neno, hata vituo vya kupumua. Nyuma ya pazia mwenyewe alikuwa anayasikia kwa sikio lake moja kama mtu anayesikia nguo zake zinapita barabarani.

"Na baridi kuliko zote duniani na mbinguni," alitangaza Mtangazaji, "inaitwa sifuri kamili!"

"Hiyo kaka yangu aliipata kwenye hisabati!" alipaza sauti msichana wa safu ya tatu. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na Mtangazaji, ambaye hilo halikuwa kwenye karatasi yake, akabaki anatabasamu.

Pazia lilisogea. "Basi mpe hongera," alisema Bi Hasi, akitoka na ndoo ndogo ya chuma inayofuka. "Kaka yako amewashinda wanasayansi wote. Hiyo ya kwetu haijafikiwa na mtu yeyote mpaka leo. Wameisogelea, wameisogelea, hawajaigusa."

Wanafunzi walipiga makofi. Mkurugenzi, kwenye kiti cha kitambaa, alianza kukohoa. Bi Hasi aliweka ndoo mezani, akavaa miwani ya kinga na glavu pana za ngozi.

"Nina swali. Lile vumbi la mbao. Liliifungia barafu baridi isitoke?"

"Ndiyooo!"

"Blanketi la bibi yako lina joto ndani? Ukiliacha kitandani mchana kutwa, jioni unalikuta limechemka?"

Yule msichana wa safu ya tatu: "Hapana. Joto ni la bibi."

"Joto ni la bibi. Blanketi linalizuia lisitoke. Na ukiivisha barafu blanketi hilohilo, linazuia nini?"

"Joto lisiingie," alisema msichana polepole, na ukamwona kabisa anausoma ukuta.

"Hata mimi nauona," alisema Bi Hasi. "Nimeuona tangu Jumatatu. Nimesema kwa mdomo, sikusikika. Sasa nitasema kwa hii."

Alichovya kwenye ndoo kijiti kirefu chenye pamba nene kwenye ncha. Kikatoka kinafuka. Akakibandika kwenye herufi ya B, akahesabu kimoyomoyo, akakirudisha kuchovya, akabandika tena. Plastiki ilipata weupe wa barafu. Gundi ikikolea baridi kiasi hicho inasahau kazi yake. Inakuwa kama sukari iliyokauka. Bi Hasi aliingiza ukingo wa rula ya mbao chini ya B, akagusa tu. B ikadondoka, ikavunjika vipande vitatu sakafuni.

Hapo watoto walishindwa kukaa. "Moja!" walipiga kelele. A ilifuata. "Mbili!" R ikapasukia ukutani. "Tatu!" Mtangazaji alimwangalia Mkurugenzi, Mkurugenzi alimwangalia Mtangazaji, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake awe ndiye bosi. Bi Hasi hakuwa na haraka. Kila herufi aliipa baridi yake yote. Ile K ya mwisho mwisho ilikuwa mkaidi. Aliichovyea mara tatu. Walipofika kumi na tatu, BARIDI ISITOKE ilikuwa chenga za buluu sakafuni. Akarudi kushoto. "Na hili HUFUNGA nalo litoke, maana haifungwi." Ishirini. Ukutani pakabaki CHUPA HII.

"Hapo sasa," alisema akivua glavu, "angalau hakuna uongo."

Mkurugenzi alisimama na tabasamu la godoro. "Tunamshukuru mama yetu kwa ubunifu..."

"Samahani." Bwana mifugo alikuwa amesimama mlangoni, kijitabu mkononi. Sauti yake ilianza chini. "Mimi ni bwana mifugo. Jana niliusoma ukuta huu, nikaufunga mtungi wangu kwa mpira wa tairi. Huyu dada ndiye aliyeukata. Angechelewa kidogo, leo mngekuwa mnaniokota. Sasa nimepewa hiki hapa, ukurasa wa tano." Akasoma, kidole chini ya kila neno, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Chupa hii, hufunga, baridi, isitoke." Akainua macho. "Wenzangu nao wataletewa?"

Hakuna mtoto aliyecheka.

"Litarekebishwa," alisema Mkurugenzi.

"Lini?" aliuliza Bi Hasi.

"Kabla ya gari kuondoka."

Bi Hasi aligeuza kichwa, akamwelekezea sikio la kushoto. "Sikio langu hili halisikii, Mkurugenzi. Naomba urudie, kwenye kipaza sauti."

Akarudia. Kwenye kipaza sauti, mbele ya wanafunzi tisini na walimu wao, akarudia.

Ijumaa walikaa watu kumi na wawili kwenye meza za ukumbi tangu saa moja asubuhi, kalamu nyeusi mkononi, ukurasa wa tano, nakala elfu nne. Kufuta, kuandika juu: hufunikwa kilegevu, huzuia joto lisiingie. Mtangazaji aliandika nyingi kuliko wote, na hakutangaza kitu. Kwenye saa saba alimpelekea Bi Hasi kijitabu kimoja. Vidole vyake vilikuwa vyeusi.

"Mama mkubwa, angalia kama nimepatia."

Bi Hasi alisoma. Alitaka sana kukuta kosa. "Umepatia."

"Mimi sikujua."

"Hata aliyeniambia mimi hakujua. Lakini yeye hakuja kuuliza." Akamrudishia kijitabu. "Endelea, bado mia nane."

Gari liliondoka saa kumi alasiri. Saa kumi na robo mhudumu wa ofisi alimletea Bi Hasi bahasha. Ilikuwa barua ya onyo, ukurasa mmoja, saini ya Mkurugenzi: "Kwa kuharibu kwa makusudi mali ya taasisi mbele ya wageni."

Aliisoma mara moja tu. Akafungua droo ya chini ya meza yake, akatoa faili jembamba lenye karatasi moja ya manjano ndani, ile ripoti ya mwaka wake wa kwanza kazini. Akaziweka juu ya meza, sambamba. Ya kwanza ilimwadhibu kwa kuitii sentensi. Ya pili ilimwadhibu kwa kuibandua. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na sikio, na ukumbini bado kulikuwa na kipande cha buluu cha herufi ya K ambacho hakuna aliyekifagia.

Alichukua kalamu nyeusi ileile waliyosahihishia vijitabu. Kwenye ripoti ya manjano akakata neno "uzembe", mstari mmoja, ulionyooka, akaandika juu yake "utii". Kwenye barua mpya alitafuta la kusahihisha, akafika "kwa makusudi", akaliacha kama lilivyo. Hilo lilikuwa kweli.